Makande ya Kwenye Ndiva

Shikamooni wazee wangu. Wenzangu, habari za mchana. Maneno haya niliyarudia jikoni tangu juzi, na hapa niliposimama nusu nimeshayasahau. Mnivumilie.

Wengi mnanijua kama binti wa kambini. Baba alitoka Kigoma kuja kukata mkonge kama manamba, kibarua wa mkataba, mimi nikazaliwa hapahapa bondeni. Biashara zilipofunguliwa nchini, madukani sabuni ilirudi, lakini shamba la mkonge likafungwa. Tukabaki na kipande cha ardhi kavu. Maji yalikuwa juu yetu, kwenye ndiva, bwawa lililochimbwa na mababu wa Kipare, na kila ukoo ulikuwa na zamu yake ya kumwagilia. Sisi wa kambini, Waha, Wamakonde, Wanyaturu, hatukuwa nayo. Tukiuliza, tunajibiwa, "Manamba na zamu wapi na wapi? Si mtarudi kwenu?"

Kwetu wapi, ndugu zangu? Kwetu ni hapa.

Mahindi yalikauka, tukapanda tena, yakakauka tena. Baba akawa mtu wa kukaa tu. Mimi nikaacha kutoka nje, nikiogopa hata kukosea kusalimia watu. Tukafunga mizigo kwenda Kigoma, nisikokujua. Nawaambia, nilikuwa nimekwisha.

Asubuhi moja pembe ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, ikalia. Ikilia, kila mwenye zamu hupanda kuzoa tope la ndiva. Mama mmoja jirani yetu akafungua mzigo wake, akachomoa jembe.

"Haijatuita sisi," nikamwambia.

"Masikio yangu yamesikia," akasema, akashika njia. Tukamfuata.

Kule juu watu walisimamisha majembe, wakatutazama. Nikaingia kwenye tope, nikaanza kunyoosha ukingo. Nikanyoosha, nikarudia, mpaka kaka mmoja akaniuliza, "Dada, unazibua ndiva au unapiga pasi?" Wakacheka. Na mimi nikacheka.

Mchana makande yakaiva. Tukajitenga pembeni na majembe yetu, maana aliyekula chungu cha msaragambo hanyimwi maji, na sisi tulilijua hilo. Bibi aliyekuwa akipakua akatuita, "Nyie wenye tope miguuni, njooni!"

Mzee mmoja akamwinamia. "Mama, wakila watadai zamu."

"Wadai. Si wamechimba?"

Akanipa sahani. Nilikula polepole, nikijua ninachokula.

Jioni mizigo tuliifungua. Zamu yetu ya kwanza ilipofika, yule mzee ndiye aliyekuja kutuonyesha namna ya kufungulia maji. Leo yuko hapa, namshukuru. Namshukuru bibi, na jirani yangu mwenye masikio. Nilichojifunza ni kidogo: chukua jembe uende, hata ukiogopa. Na wewe mwenye mwiko, mtu akisimama pembeni, mwite.

Kesho pembe italia. Kuna familia imehamia kambini wiki hii, hawajui maana yake. Nitawapitia.