Mwalimu Yahye na Uzito wa Sayari

Ndugu, jamaa na majirani mliotoka karibu na mbali, familia inawashukuru kwa kukaa nasi chini ya turubai hili, na inawasomea kwa huzuni maisha ya Mwalimu Yahye Alio Korane, mume wa Qali, baba wa Nasteho na Abdihafid.

Alizaliwa Griftu tarehe 4 Machi 1971, kwa mzee Alio Korane, mfugaji, akasoma shule ya msingi huko huko, akamaliza sekondari Wajir mwaka 1990, akafuzu ualimu Garissa mwaka 1994, akafundisha sayansi Lafey, kisha Dadaab, na tangu Januari 2006 hapa mjini. Tarehe 12 Desemba 1998 alimwoa Qali Nunow, na ndoa yao haikuwahi kupelekwa mbele ya wazee.

Somo alilolipenda ni sayari. Aliwafundisha watoto kwamba Dunia kumi na moja zikipangwa ubavu kwa ubavu ndipo zinapoenea upana wa Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote zinazolizunguka jua letu, na kwamba kwenye nyota za mbali zimeonekana sayari zinazokaribia upana wa Mshtarii mbili, ilhali baadhi yake ni nyepesi kuliko Mshtarii moja, kwa sababu zimeisogelea mno nyota yao na joto limezifutua. Watoto walipobisha kwamba kikubwa lazima kiwe kizito, aliwapeleka soko la mifugo, akawaonyesha ng'ombe aliyelambishwa chumvi na kunyweshwa maji mpaka tumbo likavimba, ili mnunuzi adhani amenona, akawafundisha kupapasa mbavu kabla ya kusifu tumbo.

Mwaka jana, baada ya Ramadhani, tumbo lake mwenyewe lilianza kujaa. Qali, ambaye wifi zake walimsema miaka yote kwamba hamlishi mumewe, alifurahi, majirani wakampongeza kwamba mwalimu amenawiri, mashallah, naye akazidisha maziwa na nyama. Mwalimu alijipapasa mbavu, akajua, akanyamaza, kwa kuwa hakuwahi kumwona mkewe akitembea mtaani kichwa juu namna ile, na hakuwa na moyo wa kumvunja. Novemba, pumzi ilipombana, ndipo alipomwambia, "Qali, huku si kunenepa. Ni maji. Mimi mwenyewe nimekwisha."

Madaktari waliyatoa maji, lakini ini lilikuwa limeharibika, wakasema angefika mapema wangejaribu. Alifariki alfajiri ya Jumatano, 12 Februari 2025, akazikwa siku hiyo baada ya adhuhuri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake, na vijana waliochimba kaburi juani. Kwa majirani tuna ombi. Qali yuko ndani, katika eda, hapati usingizi, naye humuuliza kila anayeingia kama ni maziwa yake yaliyomuua mumewe. Nyinyi mliompongeza, msimpe mkono wa pole mkaondoka, ketini naye, mwambieni kwamba nanyi mlimtazama mwalimu kila siku na hamkuona.

Lala salama, Mwalimu Yahye, Mola akupokee kwa rehema zake.