Makaa Yasiyo na Moshi na Dirisha la Misumari

Ndugu zangu wa chama, mwaka jana nilikaribia kumuua mama yangu mzazi kwa kumpasha joto. Nimeanza hapo makusudi, ili wanaopenda kunicheka wacheke mapema tuendelee.

Mnanijua. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nashona mapazia kando ya kitanda changu, na siku nikienda Gikomba kununua uzi narudi nimechoka kama aliyetoka ng'ambo. Mke wangu husema mwizi akinitaka itabidi abebe nyumba nzima.

Basi ikaja Julai, ile baridi ya kuuma masikio. Mama akafika kutoka Kakamega kwa kliniki ya macho. Mafuta ya taa yalikuwa yameshatushinda bei, na gesi ndiyo usiseme. Wiki hiyohiyo watu wenye fulana za kijani wakaja hapahapa ukumbini na kipaza sauti. Walileta makaa yaliyofinyangwa kwa vumbi la mbao, lile ambalo maseremala wetu walikuwa wakilimwaga mtoni. Wakasema mafuta ya taa yakichomwa, uchafu wake hubaki juu na kuipasha dunia joto. Lakini uchafu wa mbao, mti mwingine ukipandwa mahali pa uliokatwa, huvutwa tena na huo unaokua. Nilipenda. Mpaka leo naamini walisema kweli.

Lakini jamaa mmoja akaongeza, "Hayatoi moshi kabisa. Pika hata chumbani, mama!" Tukapiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote.

Mnajua tunavyofanya. Jiko linawashwa nje, linapepewa mpaka liwe jekundu, halafu ndipo linaingizwa ndani. Likishakuwa jekundu tunaamini ubaya wote umeishia koridoni. Nikaliingiza. Mke wangu alikuwa kazini. Nikafunga mlango, nikaziba upenyo wa chini kwa blanketi. Dirisha halikuhitaji kufungwa: mwenye nyumba alishalipiga misumari, eti kuzuia wezi wanaopitisha waya dirishani na kuvua nguo za watu kama samaki. Mama akasema, "Mwanangu, leo nimepata joto kama niko kwetu." Nikajiona mtoto mwema kuliko wote wa Eastlands, nikarudi kwenye cherehani.

Kichwa kikaanza kugonga. Nikadhani ni njaa. Nikamwita mama, hakuitika. Nilipotaka kusimama, miguu ikakataa, nikaanguka pamoja na pazia la mteja. Na hapo sakafuni, jamani, nikakumbuka somo la Kemia la kidato cha pili: hewa isiyo na rangi, isiyo na harufu, inayotoka kwenye moto uliokosa hewa ya kutosha. Nilikariri. Nikapita mtihani. Nikaja kuilaza chumbani na mama yangu.

Aliyetuokoa ni jirani yangu, mama mboga wa mlango wa pili. Alikuja kudai sufuria yake. Alibisha, akasikia cherehani imenyamaza, na cherehani yangu hainyamazi mchana. Hakumwita mtu. Alichukua jiwe analowekea kibao cha kukatia sukuma wiki, akavunja dirisha la kando ya mlango, akapitisha mkono kwenye vyuma na kufungua komeo la mlango. Alimburuta mama hadi koridoni, kisha akanirudia mimi akinitukana kwa lugha mbili.

Hospitalini walimwekea mama oksijeni. Nilikaa kwenye benchi nikimwangalia kifua, kinapanda, kinashuka, naogopa hata kupepesa macho. Alipofumbua yake alisema, "Nirudishe Kakamega. Huku kwenu joto linaua."

Nawaambia, hasira niliyotoka nayo pale sijaimaliza hata leo. Nafika nyumbani namkuta mwenye nyumba amesimama mlangoni. Hakuniuliza mama yuko hai ama vipi. Aliuliza, "Nani amevunja kioo changu?" Kioo! Hasira ya pili ni juu yangu mwenyewe, hiyo naila kila siku na chai.

Hao wa fulana za kijani waliporudi, mtu wa nyumbani alitoka nyumbani. Nilikuja na jiko langu mkononi, nikasimama mbele nikasema, "Hewa ya dunia mnaijua yote. Hewa ya chumba changu je? Kwa nini hamkusema neno moja juu ya dirisha?" Yule jamaa akanijibu, "Mzee, si hilo kila mtu analijua?" Nikamwambia, "Mimi nilifundishwa shuleni na bado sikulijua!" Watu wakacheka, lakini dada mmoja kati yao hakucheka. Alichukua kipaza sauti akasema nasema kweli. Tangu siku hiyo, kabla hajawasha jiko, anaanza na dirisha.

Hapo ndipo nilipoinuka. Wapangaji tukaungana, seremala akang'oa misumari yote ya ploti, tukaweka wavu mgumu wa kuzuia waya za wezi. Mwenye nyumba alipiga kelele. Aliwakuta akina mama kumi wenye miiko mikononi, akapunguza sauti. Sasa tunapikia koridoni, kwenye upepo, kwa makaa yaleyale ya vumbi la mbao. Kosa halikuwa la makaa. Mtu asiwaambie kisichotoa moshi hakiui.

Asanteni wanachama, mlionipikia na kunilindia cherehani nilipokuwa hospitalini. Asante kwa mama yangu, aliyekubali kurudi wiki jana, ingawa alikagua dirisha kabla ya kunisalimia.

Na asante kwa jirani yangu. Juzi kulikuwa na baridi, nami nilikuwa nimemshika hapo mlangoni namweleza habari za miti inayokua na kuvuta uchafu, dunia hivi, mbingu vile. Alinisikiliza, akatazama nyuma yangu ndani ya chumba, akasema:

"Baba, funga mdomo, fungua dirisha."