Maji ya Zero

Kijiwe chetu cha Rugenge, hapa Uvira, kiko ng'ambo ya robine, bomba ya maji ya kartié, na minye niseme wazi: nimechoka nacho. Tunakaa pale toka asubuhi kwa Mama Consolée, kahawa kidogo na tangawizi nyingi, tunabishana mpaka mate yanakauka. Siku hiyo hata ubishi ulitushinda. Providence, mtoto wa Marcellin mwenzetu, miaka mine, alikuwa anatoka kituo cha kolera saa sita, na baba yake alikuwa na ulizo moja tu: akifika nyumbani, anywe maji ya robine ao hapana? Alimuuliza Jeancy, maana Jeancy ndiye projé ya maji ilimpa kimashine cha kupima maji. Unatia tone moja mu kadi ya plastiki yenye vifereji vyembamba kuliko unywele, kimashine kinamulika, kinaandika namba.

— Minye nilipima juzi, Jeancy akasema. Mikrobe haikuonekana.

— Haikuonekana ao haiko?

— Papa Providence, usinichokoze. Imeandikwa haikuonekana.

Pitchou, tunamuita Dizeli sababu anatengeneza mota za mitumbwi, akacheka bila furaha.

— Tone moja! Weye unachota kikombe kimoja mu Tanganyika, hauone ndakala, unarudi kusema ziwa haina samaki?

— Haba na haba hujaza kibaba, Térence akaitikia. Huyo tunamuita Pasta Nusu, aliacha shule ya Biblia mwaka wa pili.

— Sasa hiyo inaingia wapi hapa? Dizeli akauliza.

— Inaingia! Tatizo ni vifereji. Mikrobe ya Uvira imekula vizuri, imenenepa. Itapita je mu kafereji kembamba vile? Inafika kwa mulango, inarudi.

— Na ile nyembamba?

— Ile inaona taa, inajifanya mufu. Mficha uchi hazai.

— Térence, kunywa kahawa yako, Mama Consolée akasema. Marcellin, uchemshe maji, bwana.

— Mama, tuko batu kumi nyumbani. Makala ya kupikia nitatoa wapi? Jeancy, niambie: mutoto anywe ao asinywe?

Jeancy akashusha pumzi.

— Sikia, Papa. Hii mashine haitulie. Hata maji yenye haina kitu, namba inacheza: mbili, tatu, tano. Mikrobe ikiwa kidogo, inapotelea mu ule mchezo, hauwezi kujua ni yenyewe ao ni mashine tu. Njo maana kwanza unaipa maji tupu kabisa, maji ya zero. Inakamata ile namba, kisha inaipunguza kwa kila maji unapima.

— Sawa vile mizani, Dizeli akasema. Unapima kwanza sahani yenye haina kitu.

— Njo vile.

Hapo pikipiki ikasimama. Alikuwa Marie-Jeanne, mama mukwe wa Marcellin, kutoka Luvungi, vumbi mpaka kwenye nyusi, amekuja kupokea mjukuu. Marcellin akaruka kumpisha akae. Dizeli akamueleza yote, mpaka maji ya zero. Yule mama anauza unga wa mihogo miaka makumi mbili, mizani anaijua.

— Mwanangu, akamuambia Jeancy, hiyo maji ya zero munatoa wapi?

Jeancy akaanza kukuna goti.

— Projé ilileta tuchupa tudogo twa hiyo maji, makumi tatu, tumefungwa vizuri.

— Na tuchupa tukiisha?

— Tuchupa tuliisha mwezi uliopita, mama. Niliandika, hawakujibu. Nikachota ya robine, nikaichuja na kitambaa safi. Mara tatu, mama. Mara tatu!

— Mungu wangu, Dizeli akasema. Ulipunguza maji ya robine mu maji ya robine.

— Sahani ilikuwa na jiwe, Marie-Jeanne akasema polepole.

 Ni kwa zile namba projé ilimuondoa dada mmoja aliyekuwa anatia klore, dawa ya kuua mikrobe, mu kila bidon ya maji pale robine. Siku tisa baadaye Providence akaanza kuhara. Minye nilimuonea Jeancy huruma, na nilitaka kumpiga, vyote pamoja.

— Weye njo ulisema klore iende, Marcellin akamuambia.

— Namba njo zilisema, Papa.

Marcellin hakumgusa. Alivuka barabara mpaka kwa robine, akashika bidon yake iliyokuwa imejaa tayari, akaiinamisha, akamwaga yote chini. Honorine, aliyekuwa nyuma yake kwa foleni na mtoto mgongoni, akapiga kelele kartié nzima ikasikia.

— Eh, Papa Providence! Maji ya kupangia foleni toka alfajiri unaimwaga? Uko na wazimu?

Marcellin alitikisa kichwa tu, machozi yanamtoka. Honorine akatugeukia sisi wa kijiweni.

— Jeancy! Si ulipima, ukasema ni muzuri?

Jeancy alikuwa anaangalia viatu vyake. Dizeli na Pasta Nusu, wenye maneno yao yote, wakainamia kahawa yao. Na minye pia nikainamia yangu. Honorine akangojea kidogo, akaona jibu halikuji, akasukuma bidon yake chini ya robine.