Ndoo ya Udongo Kutoka Bumula

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, vuteni viti. Leo tunamkumbuka Fridah Nekoye, mtaalamu wa udongo mjini Kitale, mzaliwa wa Bumula. Ametuacha akiwa na miaka hamsini na minne. Tutalia, sawa. Lakini Nekoye alipenda kucheka, basi na kucheka tutacheka.

Mwaka wa 2006, mjane wa Endebess, Mama Wahu, alimjia akilia. Kibarua wake alikuwa amemwaga dawa ya magugu kupita kiasi. Sasa maharagwe yakiota tu, yanageuka manjano na kufa. Misimu miwili! "Nikikosa na huu wa tatu, nauza shamba," alisema.

Nekoye alijua jambo. Kwao Bumula, shamba la miwa la Mzee Wabwile lilipuliziwa dawa hiyo hiyo miaka na miaka. Bakteria wa udongo ule walishaizoea, wakaifanya chakula. Ndiyo, wasikilizaji, bakteria wanaokula sumu! Alihitaji ndoo moja tu ya udongo ule.

Hapo ndipo alipoteleza. Alifika alfajiri, akaona haya kuamsha watu, akaanza kuchota. Jamani! Mtoto wa Bumula, anachota udongo wa watu bila hodi! Mzee Wabwile akatoka mbio: "Mchawi! Ati unabeba mavuno yangu?" Majirani wakajaa. Bintiye Nekoye, Phelista, anasimulia: "Mama alipiga magoti, akaanza kuwaeleza juu ya vijidudu visivyoonekana vinavyokula sumu. Bana, hapo ndipo aliharibu kabisa!"

Mwishowe Nekoye akasema, "Mzee, kama huniamini, si twende pamoja?" Mzee akavaa koti lake la kanisani, akaingia kwenye pikapu hadi Endebess, ndoo mapajani, hataki hata ishikwe.

Wakachanganya udongo ule na samadi, wakautandaza kwenye kipande kimoja cha shamba, wakawa wanakimwagilia. Wiki sita. Mama Wahu akapanda. Maharagwe yakaota. Watu wakangoja yageuke manjano. Wapi! Yalitoa maua. Msimu uliofuata, udongo wa kipande kile ukatandazwa shamba lote.

Jumamosi iliyopita tulimzika Nekoye huko Bumula. Mama Wahu alitoka Endebess na magunia mawili ya maharagwe, akakoka moto mwenyewe, akawapikia waombolezaji wote. Nilimuuliza kwa nini asipumzike. Akafuta macho. "Mimi niko na kwangu kwa sababu ya huyu mama," akasema, akaendelea kupakua.

Phelista na jamaa yote, poleni sana, Mungu awatie nguvu. Nasi tuliobaki tutafakari. Kuna jirani yako anayetaka kuuza shamba kwa kukata tamaa? Nenda kwake leo. Mwulize kwanza linaumwa nini.