Barua Isiyo na Mwaka

Benchi la wazee lilikuwa nje ya duka la chai, hatua chache kutoka lango la magharibi la Beijing. Ilikuwa siku ya nne tangu waasi waingie mjini na mfalme ajinyonge, na kila mlango ulibandikwa karatasi: “Sisi watiifu.” Qiao, mwandishi wa barua, alikuwa amemwandikia barua mwanawe Heng, askari wa ukuta wa mji ambaye hajarudi. Ilibaki tarehe tu, na hapo ndipo alipokwama, maana miaka yao ilihesabiwa kwa jina la utawala wa mfalme.

— Weka mwaka wa kumi na saba wa marehemu, alisema Pua, kinyozi.

— Waasi wakiiona, shingo ya Qiao utaishona wewe? aliuliza Gunia, mpagazi.

— Basi mwaka wa kwanza wa huyu mfalme mpya wa waasi, alisema Pua.

— Heng aliapa kwa yule wa zamani, alisema Qiao. Atadhani baba yake kageuka. Hatarudi ng'o.

Pua akapuliza chai yake.

— Mji umeanguka kwa njaa tu. Mlinzi hajala siku tatu, atalinda nini?

— Njaa wapi! alidakia Gunia. Matowashi wa jumba la mfalme ndio waliofungua lango.

— Mfalme si alipiga kengele kuwaita mawaziri, asije hata mmoja?

— Kengele ilizibwa na panya, bwana! Panya hao hao walioleta tauni. Waasi waliwafunza kwa filimbi.

— Gunia, we muongo mpaka unatia huruma!

Qiao alicheka, halafu akaona haya. Heng angecheka kuliko wote, ameketi mahali pake pale ukingoni mwa benchi, akitema maganda ya mbegu za tikiti. Alitamani kumwona mwanawe.

Bibi Suo, muuza tofu, akatua ndoo zake. Akamtazama Qiao na karatasi yake.

— Shemeji, barua hiyo unaipeleka wapi, na Heng hajulikani alipo?

Pua akatazama birika. Gunia akaliinua, akalipindua. Halikutoka hata tone.

Qiao akachovya brashi. Mahali pa mwaka akapaacha wazi, akaongeza chini: “Chai ipo. Njoo.” Akamwomba Bibi Suo uji kidogo wa kubandikia, akaibandika barua kwenye ukuta wa duka, juu ya ule ukingo wa benchi.

Gunia ndiye aliyekuwa amekaa hapo. Akasogea bila kuambiwa.