Kapteni Kristofa, Aliyeandika Ndiyo

Mchungaji, wazee wetu wa ukoo, majirani zetu wa kanisani na wa msikitini, wakubwa wote shikamooni, mimi ni Silvano Yona Shemahonge, mdogo wake marehemu, dereva wa lile basi dogo la Mombo ambalo wengi wenu mnalipanda, na ndiye niliyeachiwa agizo la kusoma historia hii. Unene wa karatasi nilizoshika usiwatishe, ziko kumi na nne lakini zitakwisha upesi, na sababu nitaieleza. Marehemu aliagiza pia isiandikwe popote kwamba hakuwahi kugombana na mtu, kwa kuwa mzee Kristian, tuliyepakana naye shamba, yupo hapa na angesimama kukanusha.

Kapteni Kristofa Yona Shemahonge alizaliwa tarehe 3 Machi 1966 hapa Vuga, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa marehemu mzee Yona na marehemu mama Damari, akasoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia mwaka 1974 hadi 1980. Katika kipindi hicho, mwezi Julai 1978, alianguka kutoka kwenye mpeasi wa huyo huyo mzee Kristian na kuvunjika mkono wa kushoto, tukio ambalo mtu mwingine angelisahau, ila marehemu aliliandika kwa mkono wake kila alipopimwa afya kwa miaka ishirini na minne, akiongeza kwamba mapeasi hayakuwa yake. Alisoma sekondari Tanga na kidato cha tano na sita Morogoro, akamaliza mwaka 1987, akaenda jeshini kwa mwaka mmoja kama ilivyokuwa sheria, na mwaka 1989 akapata nafasi ya kusomea urubani Addis Ababa, alikohitimu mwezi Novemba 1991.

Tarehe 18 Desemba 1993 alifunga ndoa takatifu na Yusta, ambaye leo ni mjane wake, baada ya kupeleka barua ya posa iliyoambatanishwa na karatasi ya pili, akiwaeleza wakwe kwamba anakoroma, kwamba ana funza wa zamani kidole cha mguu wa kulia, na kwamba hapendi makande. Wakwe walishauriana siku tatu, wakaona kwamba kijana anayejisema hivyo hana kingine alichoficha, wakakubali. Mungu aliwajalia watoto wawili, Marta mwaka 1995 na Timotheo mwaka 1998.

Kazini marehemu alirusha ndege ndogo ya abiria kumi na wawili, peke yake mbele bila rubani wa pili, kati ya Dar es Salaam, Unguja, Mafia na mbugani. Kazi hiyo haifanywi bila cheti cha afya, na cheti hakipatikani bila kujaza fomu yenye visanduku vya ndiyo na hapana, inayouliza kama mwombaji amewahi kuzimia, kulazwa, kutumia dawa au kuonana na mganga yeyote. Wapo wanaoijaza fomu hiyo kwa dakika tano. Marehemu aliijaza kwa siku mbili, akaorodhesha hata mama wa sokoni Soni aliyemuuzia majani ya kikohozi, na kwenye swali la kukosa usingizi aliandika kwamba yeye hulala vizuri ila mke wake halali, kwa sababu ile aliyokwisha kuwaeleza wakwe. Daktari wake wa marubani, Dokta Sabra, ambaye amesafiri kutoka Dar es Salaam na yuko nasi hapa, alimwomba mara kadhaa apunguze, naye akapunguza matatu na kuongeza moja, kwamba siku hizi daktari humpandisha presha.

Sasa nafika mahali pagumu. Tarehe 9 Februari 2015, akiwa likizo, tulikuwa tunachimba viazi sisi wawili hapo bondeni, akaanguka ghafla na kupoteza fahamu kwa muda wa kuhesabu hadi kumi, na walioona ni mimi na mbuzi mmoja. Kupimwa kwake kulikuwa baada ya wiki tatu. Ukoo ulikaa kikao, tukamsihi aandike hapana, baba mdogo Nathanaeli akisema kwamba mtu akianguka kwenye viazi vyake hilo ni jambo la nyumbani, na mimi nikisema ni jua, wakati mnajua wenyewe Februari hiyo kulikuwa na ukungu. Shemeji Yusta peke yake alisema kwamba hao abiria kumi na wawili nao wana watu wanaowasubiri kula.

Kristofa akaandika ndiyo, na mbele ya neno shahidi akaandika jina langu na namba yangu ya simu. Dokta Sabra akanipigia. Ndugu waombolezaji, nilimwambia kwamba kaka yangu aliteleza kwenye tope, kwamba ni mzima, na kwamba tangu utotoni anapenda kujisingizia maradhi. Dokta ameniambia leo asubuhi kwamba amezoea waombaji wanaoficha na mashahidi wanaowaumbua, lakini hajawahi tena kukutana na mwombaji anayeng'ang'ania kwamba anaumwa huku shahidi wake akimkana. Alimwamini mwombaji. Vipimo vikaonyesha moyo unaoruka mapigo, cheti kikasimamishwa, na Kristofa hakurusha ndege tena.

Nilimnunia mwaka mmoja na miezi minne. Ukoo mzima ulikuwa na rubani mmoja tu, nami nilikuwa nimezoea kuwaambia abiria wangu kwamba kaka yangu yuko huko juu. Hata Jumapili ya tarehe 14 Juni 2015, alipoanguka tena, safari hii kanisani akisoma matangazo, kabla hajawekewa kifaa cha moyo, sikuomba radhi. Niliona shemeji akitazama saa, ilikuwa saa nne na dakika ishirini asubuhi, saa ambayo zamani kila Jumapili Kristofa alikuwa angani juu ya bahari na abiria wake, nikatazama pembeni.

Aliishi miaka kumi zaidi akilima kabichi na mapeasi, akiwa katibu wa mtaa wetu wa kanisa, mwenye mihtasari mirefu kuliko vikao. Mwezi Julai mwaka huu moyo ulichoka, akalazwa, na siku moja nilipokaa kando ya kitanda aliniomba nimsomee tangazo lililobandikwa ukutani. Nilimsomea vizuri, habari ya kunawa mikono. Akacheka mpaka nesi akaja, kwa kuwa tangazo lilikuwa la saa za kuona wagonjwa. Siku ile ile aliagiza kwamba historia yake isomwe na Silvano na si mwingine, nami nikadhani ni heshima. Alifariki Jumatatu tarehe 11 Agosti 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa.

Karatasi hizi ni kumi na nne kwa sababu Marta amezichapa kwa herufi kubwa kama za bango, na hata hivyo kuna mistari ambayo nimeibahatisha. Leseni yangu ya udereva niliihuisha kwa kukariri ule ubao wa herufi wa kupimia macho, na kaka yangu alijua.

Kwa niaba ya familia tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, Dokta Sabra, marubani wenzake, usharika, majirani wote, na mzee Kristian aliyetoa mpeasi ule ule ukachongwa msalaba, au kama tunavyoshukuru kwa Kishambaa chetu, hongea sana. Wale ishirini na sita niliowapandisha asubuhi kutoka Mombo, kwenye kona zile, nawaomba radhi. Mtarudishwa na Timotheo, mwenye leseni na macho, funguo nimeshampa, mimi nitakaa kiti cha nyuma kama abiria.

Kaka Kristofa, shahidi wako amechelewa miaka kumi, lakini jibu ni ndiyo, ulianguka na nilikuona. Pumzika kwa amani.