Mkono Ulioko kwenye Bango

Kijiwe chetu ni ubao mmoja uliolazwa juu ya makopo mawili ya rangi, katikati ya duka la kinyozi na meza ya dobi. Makopo yaliletwa na mchoraji, ubao haijulikani uliletwa na nani, na kila anayeukalia hudai ni wake. Mimi siukalii. Husimama mwishoni mwake na birika langu la kahawa, lililofungiwa kibati cha makaa chini yake, mwanangu mgongoni, namimina na kusikiliza. Kuna Kinyozi, ambaye hunyoa kidogo na kuongea sana. Kuna Profesa, ambaye ni dobi. Jina alilipata kwa sababu husoma kila gazeti kabla ya kulifungia nguo za watu. Kuna Injinia, fundi wa redio, ambaye redio akiifungua haifungiki tena. Na kuna Mchoraji, ambaye hasemi. Siku hiyo mawingu yalikuwa mazito tangu asubuhi, lakini hakuna aliyeyatazama. Wote walikodolea macho ng'ambo ya barabara, kwenye ukumbi wa filamu, ambako bango jipya lilikuwa limetundikwa juu ya mlango.

Kwenye bango alikuwa Asali. Sina haja ya kueleza Asali ni nani. Mnamjua, au mna waume wanaomjua. Ni yule nyota wa filamu ambaye akitokea kwenye kioo, wanaume wazima husahau walichokuwa wakitafuna. Mchoraji alikuwa amemchora mkubwa kuliko mlango wenyewe: gauni jekundu, mgongo umeinama mbele kidogo, nyonga imetupwa pembeni, mkono mmoja umeinuliwa mbali na mwili huku vidole vimekunjwa, uso umegeukia kando, na macho yamefumbwa nusu.

Kinyozi: Macho, jamani. Mengine yote ni mapambo. Angalia macho.

Profesa: Mbona kwenye gazeti macho yake ni makubwa kama ya mtu aliyepotelewa na funguo?

Kinyozi: Gazeti hilo ulisoma likiwa limefungia suruali za nani? Macho yale yanasomewa, kaka. Kuna chuo huko ng'ambo. Mwaka wa kwanza unafundishwa kufumba, mwaka wa pili kufumbua. Sasa kufumba nusu, hiyo ni shahada.

Injinia: Na wewe ulipomfumbia jicho mke wako juzi, alikuuliza nini?

Kinyozi: Aliuliza kama nimeingiwa na nywele za wateja. Ndiyo nasema sikusoma!

Walicheka mpaka ubao ukayumba. Mchoraji hakucheka. Alikuwa akikuna rangi nyekundu iliyoganda kwenye kucha.

Profesa: Wewe Mchoraji, hebu tuambie. Ulikutana naye ana kwa ana?

Mchoraji: Bosi wa ukumbi alinipa kipicha kidogo. Kichwa tu.

Profesa: Kichwa tu? Na huo mwili?

Mchoraji: Nilitafuta tafuta.

Profesa: Ulitafuta wapi?

Mchoraji: Hapa na pale.

Kinyozi: "Hapa" gani, bwana! Hapa kuna mwili kama ule? Mtaa huu nimezaliwa humu, nimeunyoa wote. Mwili kama ule haujawahi kukatiza hapa hata kwa bahati mbaya.

Mimi nilikuwa nikimimina kikombe chake wakati huo. Alikipokea bila kunitazama, akainamisha kichwa kushoto, kisha kulia.

Kinyozi: Dada, sogea kidogo, unatuziba.

Nikasogea.

Hata mimi nilikuwa na shida na mlango ule, ila si kwa ajili ya bango. Mbele ya ukumbi kuna baraza yenye bati, na chini ya bati pana nafasi ya muuzaji mmoja. Aliyekuwepo amehama. Mvua zikianza, kijiweni hakukaliki: makaa yanazimika, na mwanangu, ambaye kifua chake hakijapona vizuri tangu msimu uliopita, hulowa pamoja nami. Kwa hiyo jana yake nilimwendea Bosi. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri njia nzima. Nilipofika, yalibaki kooni, nikasema tu, "Pale mlangoni." Alinitazama kuanzia kwenye kandambili kupanda juu, akafika kwa mtoto, akaishia hapo. Akasema ataona. Alisema pale anataka mtu mwenye mvuto.

Sasa nilikuwa najifunza mvuto ni nini, kutoka kwa wataalamu.

Injinia: Ninyi mnahangaika na macho. Mimi ni mtu wa vifaa. Tazama nyonga. Nyonga ya binadamu haikai hivyo. Pale wamelegeza skrubu.

Profesa: Skrubu?

Injinia: Wanampeleka hospitali kubwa, wanamfungua, wanaisogeza nyonga pembeni kidogo, wanafunga. Ndiyo maana kwenye filamu hakimbii. Umewahi kumwona Asali anakimbia? Akikimbia, inachomoka.

Kinyozi: Kwa hiyo ungeifungua wewe, isingefungika.

Injinia: Cheka tu. Na mgongo je? Mgongo umeinama mbele hivi, kama mtu anayetaka kukwambia siri. Huo unaitwa mgongo wa mahaba.

Profesa: Nimesoma habari za mgongo. Nyota wale wanalala mchana tu, tena wamekaa. Wakilala chali mara moja, mgongo unanyooka, mkataba unavunjika.

Kinyozi: Wanakula nini?

Profesa: Hawali. Wananusa. Kuna mtu kaajiriwa kupitisha sahani.

Kinyozi: Lo! Na mimi hapa nina mke anamaliza sufuria.

Injinia: Mke wako hana skrubu, mwache ale.

Bosi wa ukumbi alivuka barabara akiwa amekunja mikono nyuma, kama mtu anayekagua shamba lake. Alisimama mbele ya ubao, akageuka kulitazama bango kutoka pale walipokaa wanaume, akaridhika.

Bosi: Mnaonaje?

Kinyozi: Bosi, umetumaliza. Wateja wangu wawili wameondoka na upara wa nusu. Hakuna aliyenikumbusha, hata wao.

Bosi: Ndivyo filamu inavyouzwa. Sasa nisaidieni. Nataka mtu wa kuuza vinywaji pale mlangoni, chini ya bango. Asiliaibishe bango. Nitafute mtu wa namna gani?

Nilishika birika kwa mikono miwili.

Profesa: Kwanza awe na mkono ule. Mnauona mkono? Umeinuka mbali na mwili, vidole vimekunjwa, lakini haushiki kitu. Huo ni mwaliko. Kwa lugha yao maana yake, "Njoo, lakini ngoja."

Injinia: Hapana, anaomba ufunguo wa gari.

Kinyozi: Anashika moyo wa mwanamume asiyeonekana. Ndiyo usanii, Injinia, hutaelewa.

Bosi: Nami nilimuuliza Mchoraji kwa nini mkono umekaa hivyo. Akasema ndivyo unavyokaa.

Injinia: Na ile alama? Pale juu ya kifundo cha mkono, kama jani dogo. Mnaiona? Ile ni almasi. Wanaizika chini ya ngozi. Taa ikiipiga, mwanamume aliyeko mstari wa nyuma kabisa anahisi ameitwa kwa jina lake.

Wote waliinuka kidogo kwenye ubao ili waione almasi. Mimi nami niliitazama. Kisha nikautazama mkono wangu. Juu ya kifundo nina alama ya kuungua, niliipata nilipoanza biashara hii, kabla sijajua namna ya kulishika birika. Umbo lake ni kama jani dogo.

Nilimtazama Mchoraji. Alikuwa amezamisha uso kwenye kikombe kitupu, na alikinywa kile kikombe kitupu kwa muda mrefu. Nilishusha mkono wa blauzi yangu ukafunika alama. Ningesema nini? Waungwana, samahani, ile almasi ni yangu?

Bosi: Hapa mtaani yupo mtu wa namna hiyo?

Kinyozi: Hapa? Bosi, agiza kutoka mbali.

Profesa: Nasikia muuza kahawa wetu alikuja kwako kuuliza nafasi, si ndiyo?

Bosi: Alikuja.

Kinyozi alinigeukia kwa upole, ule upole ambao watu huutumia kwa mgonjwa.

Kinyozi: Mdogo wangu, usivunjike moyo. Wewe una kahawa nzuri. Mvuto ni kipaji, mtu haendi sokoni kuununua. Tena sisi tumekuzoea hapa hapa.

Injinia: Kweli. Pale mlangoni ungepotea. Watu wangeona bango tu.

Mimi: Sawa.

Hilo ndilo neno langu la kwanza siku ile. Nalo lilitoka dogo.

Tone moja la mvua lilianguka juu ya kibati cha makaa, likalia tsss. Mwanangu akajinyonganyonga mgongoni. Hapo ndipo alipofika mama mmoja wa makamo, mgeni kabisa, amebeba godoro la mtoto kichwani. Alikuwa anatafuta nyumba ya binti yake aliyejifungua. Profesa alimwelekeza. Mama akashukuru, akalitua godoro kwenye meza ya dobi bila kuomba ruhusa, akasema apatiwe kahawa moja kwanza, miguu imekataa. Akainua macho akaliona bango. Alilitazama vizuri, kama mtu anayemtambua jirani wa zamani.

Mama mgeni: Mzuri. Mtoto wake yuko wapi?

Kinyozi: Mtoto wa nani?

Mama mgeni: Wa huyo mliyemtundika.

Profesa: Mama, huyo ni nyota wa filamu. Nyota hana mtoto.

Mama mgeni: Mbona amesimama kama aliyebeba mtoto mgongoni? Nimewabeba sita, mimi, mgongo huo naujua. Huyo mtoto amelala, tena ana uzito. Wamemweka wapi?

Injinia alifungua mdomo, na kama redio zake, haukufungika.

Nilisogea kummiminia mama kahawa yake. Makaa yale ya chini ya birika hayana adabu, kwa hiyo mkono huwa nauweka mbali na mwili. Nyonga naisukuma pembeni ili isiguse kibati. Mgongo nauinamisha mbele ili mtoto asiteleze. Moshi ukija nageuza uso na kufumba macho nusu, maana nikifumba yote nitammwagia mtu. Nimefanya hivyo kila siku mbele ya ubao ule, na kila siku wamepokea vikombe vyao wakitazama kitu kingine.

Mwanangu akakohoa.

Kinyozi ndiye aliyegeuka wa kwanza. Alinitazama mimi, akatazama bango, akanitazama tena. Profesa naye. Injinia alitazama nyonga, kisha akaona haya akatazama viatu vyake. Kahawa ilikuwa ikishuka kwenye kikombe cha mama kwa mlio mwembamba.

Bosi: Mchoraji!

Mchoraji: Bosi, ulinipa kichwa tu. Mimi nakaa hapa kila siku. Nilichora kilichokuwa mbele yangu.

Bosi: Na birika?

Mchoraji: Ulisema hutaki kuona vyombo kwenye bango.

Bosi: Na mtoto?

Mchoraji: Nilimchora. Ulikuja ukasema mtoto anaua mvuto, nimfute. Nikamfuta. Ukitazama vizuri pale begani, mguu mmoja bado unaonekana. Rangi iliniishia.

Walikodoa. Kweli, kwenye bega la Asali palikuwa na kitu kidogo cha mviringo ambacho Profesa alikuwa ameshakieleza asubuhi kuwa ni kishikizo cha dhahabu.

Mama mgeni alimaliza kahawa yake, akanishukuru, akajitwisha godoro.

Mama mgeni: Na mfunike huyo wako, mwanangu, mvua inakuja.

Akaenda zake. Matone yakaanza kudondoka kwa wingi. Bosi alijikuna shingo. Alikuwa mtu wa biashara, na mtu wa biashara hawezi kulisifu bango asubuhi nzima kisha akamkana mwenye bango.

Bosi: Basi, dada... nafasi ile, naona... unaweza kuichukua. Ila mtoto umwache nyumbani.

Nilitaka kumwambia mengi. Nilitaka kumwambia nyumbani hakuna mtu, na kwamba kama mtu akimfuta mtoto huyu mgongoni mwangu, mgongo nao utanyooka, na mkataba, kwa maelezo ya Profesa, utavunjika. Lakini maneno yangu ni yale yale, hubaki kooni. Kwa hiyo nilikusanya vikombe vyangu, hadi kile alichokuwa amekishika Kinyozi, nikamfunika mwanangu kichwa, nikavuka barabara. Nikaingia chini ya bati, nikaliweka birika sakafuni, nikamshusha mtoto nikampakata. Palikuwa pakavu. Juu yetu Asali alikuwa ameinama mbele, kama anatuchungulia.

Bosi alinifuata hadi ukingo wa baraza. Alimtazama mtoto. Mtoto naye alimtazama. Watu waliokuwa wakikimbia mvua walianza kusimama, wakinyoosha vidole juu, kisha chini, kisha juu tena, na mmoja akauliza kahawa inauzwa hapa tangu lini. Bosi aliona watu wanasimama mbele ya mlango wake. Akaenda kufungua dirisha la tiketi.

Mvua ilishuka kweli kweli. Ubao wa kijiwe ulibaki peke yake, makopo yakijaa maji. Wataalamu walikuja mbio, Kinyozi na taulo kichwani, Profesa na suruali za watu kifuani, Injinia na redio iliyofumuka, Mchoraji nyuma yao wote. Wakajibana chini ya bati, wakajipanga mbele yetu, migongo kwetu, wakikamua mashati na kulaumu mawingu. Mwanangu alikuwa akinyoosha shingo kutazama mvua.

Mimi: Jamani, sogeeni kidogo, mnatuziba.

Wakasogea.